Nani Aseme na Nani? Sarufi ya Afishi ya SIDA

Pembeni ya mlango wa chumba cha kupimia watoto uzito, katika kituo kimoja cha afya cha Katuba, hapa Lubumbashi, kuna bango, au kama tunavyosema mjini, afishi. Baba, mama, msichana na mvulana wameketi sebuleni, wote wanatabasamu. Chini ya picha kuna sentensi nne: «Zungumza na familia yako kuhusu VVU. Mlinde mtoto wako. UKIMWI hauna dawa. Kinga ni bora kuliko tiba.»

Nilikaa mbele ya maneno hayo asubuhi nzima, maana foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimemsindikiza nkambo. Yeye hasomi; aliniomba nimsomee. Nilisoma sentensi ya kwanza, akaitika kwa kichwa. Ya pili, akaitika. Ya tatu, akanishika mkono: «Haina dawa? Na ile anakunywaka kila mangaribi ni nini?» Alikuwa akimtaja mtu wa nyumbani kwetu ambaye anatumia dawa za kupunguza nguvu ya virusi, na anaendelea na kazi zake kama wewe na mimi. Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ni jibu la polepole.

Wenzangu wa kitivo wanajua kwamba tunapenda kuchambua mashairi na methali. Ukuta wa kituo cha afya nao ni maandishi. Unasomwa na watu wengi kuliko tasnifu zetu zote, na kosa lake haliishii kwenye alama ya mwalimu.

Jina la ugonjwa

Tuanze na herufi. Watanzania na Wakenya wana UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiswahili chenyewe. Kisha wana VVU, virusi vya UKIMWI. Sisi tulipokea vifupisho vya Kifaransa: SIDA kwa ugonjwa, VIH kwa virusi. Kwa hiyo afishi ya Katuba inaanza kwa neno ambalo msomaji wake hana. Nilipouliza majirani VVU ni nini, mmoja alidhani ni chama kipya cha siasa, na katika nchi yetu huwezi kumlaumu.

Mtu anaweza kusema: jina lenye maana linafundisha, jina la kigeni linaficha. Si rahisi hivyo. Kifupisho kisichoeleweka hakikai kitupu, watu hukijaza. Katika miaka ya 1980, Zaire nzima ilijua mzaha wa kuipasua SIDA herufi kwa herufi na kuifanya, kwa Kifaransa, «ugonjwa wa kubuni wa kuwakatisha tamaa wapendanao». Watu walicheka katika nchi ambayo damu yake, iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959, ndiyo sampuli ya zamani kuliko zote iliyothibitishwa kuwa na virusi hivyo. Mwaka 1987 Franco Luambo alitoa wimbo wake «Attention na SIDA», na hapo mzaha ulianza kupungua sauti. Nitarudi kwake, kwa sababu Franco alifanya jambo moja la kisarufi ambalo afishi yetu haikufanya.

Kuna na suala la matamshi. Katika Ciluba, sauti s ikifuatwa na i hugeuka sh. Mji wetu una wasemaji wengi wa Ciluba na wa Kiluba cha Katanga, na masikioni mwa wazee kadhaa niliowasikiliza SIDA na shida zinakaribiana sana. «Alikufa na shida» ni sentensi inayosemwa matangani, na msemaji hukuachia wewe uamue amesema neno gani. Sidhani kwamba hilo ni kosa la ulimi tu. Ni tafsida iliyopatikana bure: lugha imempa mtu mlango wa kupitia bila kuonekana ameingia.

Neno virusi lenyewe linastahili dakika moja. Kiswahili sanifu kimelichukua virus, kikaona mwanzo wake unafanana na vi- ya ngeli ya vitu, kikazaa umoja wake, kirusi. Ni kazi nzuri ya mofolojia. Huku kwetu wingi huo ni bi-: bitu, biti, bitabu. Tungetazamia birusi. Sijamsikia hata mtu mmoja akisema birusi. Hata anayesema bitabu siku nzima husema «virusi ya SIDA», na upatanisho wa ya- badala ya bya-. Yaani neno halijaingia ndani ya nyumba. Limesimama uani na koti lake la hospitali. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya mwaka wa tatu aichukue hii, mimi nimeiacha.

Sentensi ya tatu

Nkambo alikuwa na haki, na kiini cha jambo ni neno dawa.

Dawa kwa Kiswahili ni pana mno. Kuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya mganga. Neno halisemi kwamba ukitumia kitu hicho tatizo litakwisha. Linasema tu kwamba kuna kitu cha kulikabili. Dawa ya mbu haimalizi mbu wa Lubumbashi, na hakuna anayedai kwamba kwa hiyo mbu hawana dawa. Mwandishi wa afishi alitaka kusema: ugonjwa huu hauponi kabisa. Aliandika: hakuna cha kuukabili. Kati ya sentensi hizo mbili kuna maisha ya watu.

Zamani tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Matibabu ya kuunganisha dawa kadhaa pamoja yalianza kutumika mwaka 1996, na yalichukua miaka kufika kwetu. Aliyeandika «hauna dawa» kabla ya hapo hakudanganya. Lakini sentensi ilibaki ukutani wakati dunia imebadilika. Fikiria mama mjamzito anayeisoma akiwa kwenye foleni ileile. Bila hatua yoyote, uwezekano wa mama mwenye virusi kumwambukiza mtoto wake wakati wa mimba, kuzaa na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa matibabu yanayofuatwa vizuri unashuka chini ya asilimia 5. Mama huyo ameambiwa na ukuta kwamba hakuna dawa, na mlango wa pili mkono wa kuume dawa zipo, ndani ya kabati, bure. Kwa nini apime? Kwa nini aende nyumbani kuzungumza na mume wake, kama sentensi ya kwanza inavyomwagiza, wakati sentensi ya tatu imemwambia kwamba mazungumzo hayo ni ya msiba?

Hapo ndipo sentensi mbili za afishi moja zinapigana. Moja inataka watu waseme, nyingine inawapa sababu ya kunyamaza.

Ningeandika hivi: «SIDA haiponi kabisa, lakini ina dawa.» Ni maneno ya kawaida, na nkambo aliposomewa alisema tu, «Eeh.»

Waliomo sebuleni

Sasa kitenzi cha kwanza: zungumza. Ni hali ya kuamuru, nafsi ya pili, umoja. Nani huyo? Jina halitajwi. Picha inatuelekeza kwa baba, kwa kuwa ndiye aliyenyoosha mkono. Kisha «na familia yako»: kiunganishi na kinawaweka wengine wote upande wa pili. Sentensi inayofuata, «Mlinde mtoto wako», inakamilisha kazi: mzazi ni mtenda, mtoto amebanwa ndani ya kiambishi cha mtendwa, herufi moja, m. Tena herufi hiyo ina utata, maana m- yaweza pia kuwa ninyi. Neno wako ndilo linalotuokoa. Wasomaji wangu wawili walisoma «ninyi mlinde», wakauliza ninyi ni nani.

Lugha yetu ina chombo kwa ajili ya jambo hasa ambalo afishi inalitaka, nacho ni kauli ya kutendana. Kuambia kuna upande mmoja. Kuambiana kuna pande mbili. Kuuliza, kuulizana. Kulinda, kulindana. Familia, kisarufi, inaishi ndani ya -ana. Afishi inayohimiza mazungumzo ya familia haina kitenzi hata kimoja chenye -ana.

Kuna kiambishi kingine, na hiki ni chetu. Kiswahili cha Lubumbashi, kama lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, kina -aka mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo linalojirudia: anakunywaka, banasemaka. Wataalamu hukipeleka nyuma hadi *-ag- ya Kibantu cha awali, kwa hiyo anayeniambia kwamba ni uchafu wa mjini ajue anatukana kitu kikongwe kuliko Kiswahili. «Sema naye» ni mara moja: kaa, sema, maliza. «Usemake naye» ni leo kidogo, kesho kidogo. Na ushauri wa wataalamu wa afya uko upande wa -aka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto mwenye virusi, akiwa na umri wa kwenda shule, aelezwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aelezwe hatua kwa hatua, kadiri anavyoweza kuelewa. Hatua kwa hatua: maneno matatu ya Kiswahili sanifu kwa kitu ambacho mama wa Katuba anakibeba kwa silabi mbili.

Lakini je, ni mama anayepaswa kusema? Hapa niliacha sarufi nikaenda uani. Nilipiga picha ya afishi kwa simu, nikaionyesha katika nyua chache za Katuba na Kenya, ninakofahamika. Baba mmoja aliitazama kwa adabu, akanirudishia simu: «Mimi niko baba yake. Ile ni mambo ya yaya yake.» Mama mmoja alikubali kila neno, kisha akauliza swali ambalo afishi haikuliwaza: «Nitaanza namna gani?» Msichana wa darasa la sita la sekondari alisema kwa sauti ya chini, mama yake akiwa amekwenda kuchota maji: «Kama nauliza, batasema nilishaanza.»

Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye daftari langu, na kila nikisoma nadharia ya vitendo vya usemi naiona. Kuuliza, kwa msichana, si kuomba habari. Ni kukiri.

Baba yule hakuwa anakwepa tu. Katika familia zetu nyingi hapa Katanga na Kasai, mambo ya mwili hayapiti kati ya mzazi na mtoto. Kati yao kuna heshima inayokaribia aibu. Yanapita kwa njia nyingine: kwa yaya, kwa shangazi, na zaidi ya wote kwa nkambo, ambaye ana ruhusa ya utani na wajukuu. Babu humwita mjukuu wake wa kike «bibi yangu», nyanya humwita mvulana «bwana yangu», nyumba nzima inacheka, na ndani ya kicheko hicho yanasemwa mambo ambayo baba na mama hawawezi kuyatamka. Sebule ya afishi ina watu wanne. Wale wenye ruhusa ya kusema wote wameachwa nje ya picha.

Na usifikiri kwamba kuwaongeza ni jambo la kuchukua afishi ya jirani tu. Nilipendekeza darasani tuandike «Bibi, zungumza na wajukuu wako», sentensi safi ya Dar es Salaam. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kwa Kiswahili cha Kongo bibi ni mke. Tungekuwa tumemwagiza mke wa mtu azungumze na wajukuu wake, naye pengine ana miaka ishirini na mmoja.

Hapa namrudia Franco. Katika wimbo wake hakusema na mtu asiye na jina. Aliyaita makundi ya watu, moja baada ya jingine, kila moja kwa jina lake. Tanzania nako, kampeni ya vijana iliyoitwa Ishi ilitumia kauli «Usione soo, sema naye»: neno la mtaani, soo, lililomwambia kijana kwamba anayesema naye anaijua aibu yake. Kuita ni nusu ya kusema. Mtu asiyeitwa haitiki.

Tulipojaribu kuandika yetu

Niungame kosa langu. Nilitoka kwenye zile nyua nikiwa na hakika kwamba suluhisho ni kuandika kama watu wanavyosema. Nikaandika kwa kalamu nene: «Nkambo, usolole na bajukuu yako juu ya SIDA.» Kusolola, masolo: hayo ndiyo maneno ya mazungumzo matamu ya jioni, si kuzungumza, ambalo kwetu linanuka kanisa na shule. Nilijivunia karatasi yangu.

Vijana niliowaonyesha walicheka. Hawakucheka kwa sababu hawakuelewa. Walielewa mara moja. Mmoja alisema: «Hii ni ya teatre?» Kiswahili cha mji, kwetu, ni cha sikio. Kikiandikwa kinaonekana kama kichekesho, kwa sababu macho yetu yamezoeshwa na Biblia, katekisimu na vitabu vya shule kwamba Kiswahili cha karatasi ni kile tunachokiita bora. Nkambo mwenyewe, ambaye hasemi Kiswahili bora hata kidogo, aliniuliza kwa nini daktari wa karatasi hii hakusoma.

Basi walimu wetu wanaotetea Kiswahili sanifu kwenye ukuta hawakukosea kama nilivyotaka wakosee. Umbo sanifu linabeba uzito: linamwambia msomaji kwamba jambo hili limefikiriwa na mtu. Lakini umbo sanifu si lazima lilete na VVU, bibi na ngono, neno ambalo huku wengi wanalijua kutoka vitabuni tu. Kuna eneo pana ambapo sanifu na cha mji vinakutana. «Juu ya» inaeleweka pande zote mbili, «kuhusu» inahitaji shule. «Chunga mtoto wako» inaeleweka na kugusa kuliko «mlinde». Kuhusu kondomu, mji una kapoti, na una Prudence, jina la biashara lililouzwa tangu mwisho wa miaka ya 1980 likawa jina la kitu chenyewe. Zuri kwa mtafiti, kwa sababu kwa Kifaransa maana yake ni uangalifu, na hivyo kila anayeliomba dukani anatamka ushauri bila kujua.

Kilichobaki kilikuwa swali la mama: nitaanza namna gani? Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko mengine. Kuanza ni kugumu kwa sababu anayeanza ndiye anayeshukiwa, awe mzazi au mtoto. Kujibu ni rahisi. Katika mazungumzo swali linadai jibu, na anayejibu hana lawama, aliulizwa. Kwa hiyo tuliacha amri. Katika jaribio letu la mwisho mchoro unaonyesha nkambo amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, na mjukuu kando yake. Mjukuu anasema: «Nkambo, SIDA ina dawa?» Nkambo anasema: «Haiponi kabisa, lakini ina dawa. Njoo nikuambie.» Basi. Swali limeulizwa tayari na karatasi, hakuna msichana wa Katuba aliyekiri lolote. Mama akitaka kuanza, anaweza kunyoosha kidole ukutani na kusema, «Umeona vile anasema?»

Silabi ya -aka haimo. Nilipigania, nikashindwa kwa kura.

Tuliipeleka karatasi hiyo kituoni. Muuguzi wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akaibandika kwa plasta chini ya ile ya kwanza, kisha akachukua kalamu ya bluu na kufuta «hauna dawa» kwenye ya juu, mistari miwili, taratibu, kama anayesahihisha daftari. Halafu akatupa kazi nyingine, ngumu kuliko ya kwanza. Mtu anayetumia dawa vizuri, mpaka kiasi cha virusi katika damu yake kikashuka chini ya kile ambacho kipimo kinaweza kukikamata, hamwambukizi mwenzake wanapokutana kimwili. Wagonjwa wake wanahitaji kulisikia hilo, na wake zao na waume zao wanahitaji kulisikia zaidi. Lakini akiwaambia «virusi havionekani», wanamjibu kwamba virusi havijawahi kuonekana. Akisema «havipimiki», wanafikiri mashine imeharibika. Akisema «vimelala», wanauliza vitaamka lini, na hilo ni swali la haki, kwa kuwa mtu akiacha dawa huamka kweli.

Anasema «vimelala» ndilo linaloeleweka zaidi, na ndilo linalomtia hofu. Mimi nimejaribu «vimefungwa», kwa mfano wa mtu aliye gerezani na mlinzi mlangoni, na dawa ya kila siku ndiyo mlinzi. Muuguzi alitikisa kichwa: huku kwetu, alisema, aliyefungwa hutoka kwa kulipa. Mwenye neno bora aliache katika sanduku la jarida kabla ya toleo lijalo, nitampelekea.